Nguo za Kupandia Mlima

Kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwangu, kama alikuwa anasikiliza, anajua kwamba Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni Kibo tarehe 6 Oktoba 1889. Wenye kumbukumbu nzuri wanajua pia kwamba Meyer alijaribu mwaka 1887 akarudishwa na barafu. Lakini vitabu tulivyofundishia havikusema watu wale walivaa nini, na walikuwa kimya zaidi juu ya waliowabebea mizigo. Kwenye kambi ya juu, katika mwinuko wa zaidi ya mita 4,000, alibaki nao Mwini Amani, mtu wa Pangani. Hebu fikiri, msomaji: mtu wa pwani, wa minazi na jasho, anakaa siku kumi na sita kwenye mawe na upepo ule, akiwangoja wenzake washuke. Historia ya mlima, kwa maoni yangu, ni historia ya nguo kama ilivyo historia ya ujasiri.

Hata kabla ya Wajerumani kulikuwa na msiba. Wamisionari Krapf na Rebmann wametuachia simulizi ya Rungua, mtawala wa Machame, aliyetuma kundi la watu kwenda kuchunguza kile kitu cheupe kilichong'aa juu, akidhani huenda ni fedha. Alirudi mtu mmoja tu, mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi. Wakati huo huo kule London, msomi William Cooley, ambaye hakupata kufika huku, alikuwa anabisha kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na Ikweta. Yule wa Machame angeweza kumjibu kwa vidole vyake.

Sisi wa Kenyamonta hatuna theluji. Tuna mvua ya masika, na mara nyingine mvua ya mawe inayolaza mtama. Bibi yangu alinisimulia kwamba wazee wa Kingoreme walivaa ngozi zilizolainishwa kwa mafuta, na maji yaliteleza juu yake. Baadaye zikaja nguo za pamba, na mkoa wetu wa Mara wenyewe ni mkoa wa pamba. Musoma palijengwa kiwanda cha nguo. Ni zao zuri, nami nimelilima. Lakini pamba hunywa maji na haiyaachi upesi. Shambani, mtu akilowa, anakimbilia nyumbani kwenye moto. Mlimani hakuna nyumba, na kwa kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Anayeanza safari kwenye lango la Marangu na fulana ya pamba iliyolowa jasho, kisha akapigwa na upepo juu ya msitu, huyo amevaa ugonjwa.

Watu wamehangaika sana na jambo hili. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Scotland alipata hataza ya kitambaa chenye mpira katikati ya nguo mbili. Maji hayakupita kuingia, wala jasho halikupita kutoka; aliyewahi kujifunika nailoni ya plastiki akipalilia anaijua taabu hiyo. Mwaka 1879 Thomas Burberry wa Uingereza akabuni gabadini, kitambaa kilichofumwa kwa kubana sana, chepesi na chenye kupumua. George Mallory alikuwa na koti la gabadini alipopotelea Everest mwaka 1924. Mwili wake ulipopatikana mwaka 1999, ndani ya koti mlikuwa na hariri, pamba na sufu, nguo nyembamba moja juu ya nyingine. Zilishonwa nyingine za kufanana nazo, zikajaribiwa huko huko mwaka 2006, zikaonekana nyepesi na zenye joto. Kumbe siri ya kuvaa nguo nyembamba kadhaa badala ya koti moja zito ni ya zamani.

Mwaka 1969 Robert Gore wa Marekani aliivuta kwa ghafla aina fulani ya plastiki, ikatanuka na kuwa na vitundu vidogo mno. Tone la maji haliwezi kupita, lakini mvuke wa jasho unapita. Kutokana na ugunduzi huo majaketi ya mvua yakawa mepesi kiasi cha kukunjwa na kutiwa mfukoni.

Majaketi hayo yalitufikia kwa njia ya mitumba, baada ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980. Kabla ya hapo tulipita katika uhaba ambao vijana hawauamini. Ndiyo maana mjukuu wangu aliponieleza kwamba anakwenda Moshi kufanya kazi ya upagazi, nilikwenda naye mnadani mwenyewe.

Alitaka koti kubwa lenye manyoya ndani. "Babu, hili lina joto." Nikamwambia alibebe mkononi tuzunguke nalo mnada mzima. Sheria ya hifadhi inamwekea mpagazi mzigo wa kilo 20, na vitu vyake mwenyewe ni juu ya hizo. Manyoya ya bata nayo, yakilowa, hayana joto tena. Tukachagua jaketi jembamba la mvua. Niligeuza ndani nje kuona kama utepe uliogandishwa juu ya mishono umebanduka, nikapuliza kitambaa kwa mdomo kuona kama pumzi inapita, nikamwaga maji ya chupa begani. Mwenye meza hakufurahi. Chini yake tukaongeza sweta la nyuzi za plastiki lenye manyoya mafupi, na fulana mbili za michezo zisizo za pamba. Sweta la sufu la shuleni nililokuwa nalo nyumbani nikampa pia, kwa sababu sufu hata ikilowa haikutupi.

Wapagazi wa Kilimanjaro huitwa wagumu. Jina hilo silipendi sana, maana linamfanya mwajiri asahau kwamba mgumu naye anatetemeka. Kuna mradi uitwao kwa kifupi KPAP, ulioanza Moshi mwaka 2003, ambao huwaazima wapagazi nguo za baridi bila malipo. Nilimwandikia mjukuu wangu anwani yake kwenye karatasi.

Alipiga simu baada ya safari yake ya kwanza. Mvua iliwanyeshea msituni siku nzima, na jaketi halikuvuja. Kambi ya Barafu alikuta mwenzake ana koti la jinzi tu, akamwazima lile sweta la sufu, na hajarudishiwa. Ameniuliza kama ninalo jingine.