Ibtihaj Muhammad na Gharama ya Kitara



Kwetu sisi upanga tunauona siku ya harusi, bwana harusi kavaa joho na kilemba, anapigwa picha. Ulaya ulikuwa silaha ya mabwana wakubwa, na mchezo wa vitara ulipoingia Olimpiki ya 1896 ulibaki kuwa mchezo wa wenye nacho.

Hebu tuhesabu. Mtoto anataka kinyago cha waya, koti nene, glavu na kitara. Juu yake avae koti la nyuzi za chuma linalopitisha umeme, ili pigo lihesabiwe. Bado ada ya klabu, malipo ya mwalimu, na nauli za mashindano mji hadi mji, maana asiyeshindana hapati pointi za kumfikisha timu ya taifa. Wazazi wangapi wanaziweza?

Peter Westbrook alilelewa Newark, Marekani, na mama wa Kijapani aliyekuwa peke yake na kipato kidogo. Mama alimshawishi mwanawe kwa dola 5 ili aende kujifunza vitara shuleni. Mwaka 1984 kijana huyo akapata medali ya shaba ya Olimpiki, Mmarekani mweusi wa kwanza kufika hapo. Hakusahau alikotoka. Mwaka 1991 alifungua taasisi New York, watoto wasio na uwezo wafundishwe kwa ada ndogo, na masomo yao yaangaliwe pia.

Kwa taasisi hiyo ndipo alipofika Ibtihaj Muhammad, binti wa Maplewood, New Jersey. Mama yake alikuwa akitafuta mchezo usiomvua bintiye stara. Siku moja wakipita na gari karibu na shule ya sekondari, waliwaona wachezaji waliofunikwa mwili mzima. Ibtihaj akaanza akiwa na miaka 13, katika timu ya shule ya serikali. Mwaka 2016, kule Rio, alikuwa Mmarekani wa kwanza kushindana Olimpiki akiwa na hijabu, na timu yake ikarudi na shaba. Kabla ya hapo, 2014, yeye na ndugu zake walikuwa wameshaanzisha Louella, biashara ya nguo za stara.

Kipaji chake kilikuwa cha kweli, lakini angalieni waliomfungulia njia: mama mwenye macho, shule iliyokuwa na timu, na mtu aliyewahi kukosa akaamua kuwapunguzia wengine mzigo. Kikosekana kimoja, pengine leo tusingelijua jina lake.

Sisi wanawake twajua kucheza upatu wa vyombo na dhahabu za harusi. Fungu moja kwa mwaka likienda kwenye viatu na nauli ya mtoto wa jirani mwenye kipaji, wa kike au wa kiume, halitatufilisi, na kwa niya njema ni sadaka.

Allah awafungulie milango watoto wetu. Amin.