Hatari kubwa, hatari ndogo... nani anapanga?

Wadau, nimekuwa kimya karibu wiki tatu, mnisamehe. Testi zilibana, na intaneti ya maktaba mnaijua wenyewe. Leo nina kisa, na kimenipeleka mbali kuliko nilivyotegemea, hadi London ya mwaka 1882.

Kwenye korido yetu ya ghorofa ya pili kuna swichi ya taa iliyong'oka ukutani. Imening'inia kwa nyaya zake, ile nyekundu imechubuka na shaba unaiona kabisa. Imekaa hivyo tangu muhula uanze. Jumanne akaja mzee mmoja wa ukaguzi, na faili lake na kalamu sikioni. Nikamwamkia, akaitikia vizuri tu. Nikamuuliza, "Mzee, hii nayo umeiandika?" Akanigeuzia karatasi. Kwenye mstari wa korido yetu ameandika: marekebisho madogo.

"Madogo, mzee?"

"Swichi moja tu hiyo, mwanangu. Dakika tano kazi imekwisha."

Hapo ndipo nikakwama. Mzee hakusema uongo. Kuitengeneza ni kazi ya dakika tano kweli. Ila yeye alikuwa anapima ukubwa wa kazi, mimi nilikuwa nafikiria ukubwa wa hatari, na wote tunatumia neno lilelile "dogo". Mwenzangu wa chumbani anasoma uhandisi (tunamwita Injinia japo bado ana miaka miwili mbele, teh teh), akaniambia kuna nchi watu wamebishana juu ya jambo hili miaka na miaka, mpaka wakatunga namba zake. Mimi ni mtu wa historia, nikiambiwa kitu kina miaka nyuma yake silali. Basi haya ndiyo niliyoyachimba.

Twende Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1880. Taa za umeme ni kitu kipya, kinachowekwa na matajiri. Mmojawapo ni Lord Salisbury, yule aliyekuja kuwa waziri mkuu, ambaye alitandaza nyaya kwenye jumba lake la Hatfield. Nyaya zenyewe hazikuwa na ganda la maana. Binti yake aliandika baadaye kwamba cheche zikianza kuruka kwenye dari, familia na wageni walikuwa wanarusha mito ya viti juu kuzizima, halafu wanaendelea na maongezi yao. Hebu fikiria. Waheshimiwa wazima na mito mikononi! Lakini haikuwa mchezo kwa kila mtu. Mwaka 1881 kibarua mmoja wa pale Hatfield aligusa waya nje ya jumba, akafa. Wageni wa sebuleni waliona cheche kama burudani, na yeye umeme uleule ukamuua. Ukitaka kujua kwa nini hatari haipimwi kwa macho ya mwenye nyumba, anzia hapo.

Waliostuka mapema ni watu wa bima, kwa sababu jengo likiungua wao ndio wanaolipa. Kampuni ya bima ya moto ya Phoenix ya London ilikuwa na mhandisi wake, Musgrave Heaphy, na mwaka 1882 akatoa kanuni za nyumba zenye taa za umeme. Mwaka huohuo chama cha wahandisi wa telegrafu, kilichoanzishwa 1871, nacho kikatoa kanuni zake, kurasa chache tu. Hicho ndicho chama kilichokuja kuitwa IEE, na tangu 2006 kinaitwa IET. Kile kijitabu kimezaa matoleo 18 hadi leo, la 18 lilitoka 2018. Kichwa chake cha mwanzo kilizungumzia kuzuia moto. Binadamu alitajwa, ila mwishoni, baada ya mashine, nyaya na taa.

Kuna jambo moja kwenye kijitabu kile lililonigusa. Wale wazee walisema waziwazi kwamba matatizo ya umeme mengi yako ndani na hayaonekani, kwa hiyo kutazama hakutoshi, lazima upime. Mwaka 1882 hiyo!

Kwa Marekani nitapita haraka: maonyesho ya Chicago ya 1893, bima wakaogopa moto, wakamtumia kijana mhandisi William Henry Merrill kukagua, na 1894 akaanzisha kile kilichokuja kuwa Underwriters Laboratories. Ile alama ya UL kwenye chaja zenu imetokea huko. Pesa ya bima tena.

Sasa, unaweza kuwa na kanuni nzuri na bado usijue la kufanya na nyumba iliyokiuka. Kanuni inasema sawa au si sawa. Lakini nyumba yenye umri wa miaka 40 haiwezi kuwa sawa na kanuni za mwaka huu, maana ilijengwa kwa kanuni za wakati wake. Mkaguzi akiandika kila tofauti, karatasi itajaa makosa 30, na lile moja la kuua litakuwa la 17, katikati ya plagi iliyopinda na lebo iliyobanduka. Mwenye nyumba anasoma matano ya kwanza, anachoka, anaweka kabatini.

Ndipo zikaja namba. Katika kipindi cha toleo la 16, lililoanza 1991, fomu ya Waingereza ya ukaguzi wa vipindi ilikuwa na namba nne. Moja: inahitaji kushughulikiwa kwa haraka. Mbili: inahitaji kuboreshwa. Tatu: inahitaji kuchunguzwa zaidi. Nne: haiendani na kanuni za sasa, ila hii haina maana kwamba si salama.

Injinia aliponionyesha nikasema mbona safi. Akacheka. "Soma tena, mbili ukilinganisha na moja."

Kweli bwana. Moja inakuambia haraka. Mbili inakuambia boresha, neno ambalo hata mtu wa kupaka rangi angelitumia. Katikati yake kuna shimo. Kitu ambacho leo hakimuui mtu, lakini kesho waya mmoja ukilegea kitaua, unakiweka wapi? Ukikiweka moja, mwenye nyumba anasema unamtisha ili upate kazi. Ukikiweka mbili, hafanyi kitu. Na tatu haikuwa daraja la hatari hata kidogo, ilikuwa inasema "sijui bado", halafu wameipanga katikati kama ngazi. Nne ndiyo iliyonichosha zaidi. Ni kama kumwambia mtu una kosa ila usijali. Kwa maoni yangu nne ilikuwa ya kumlinda mkaguzi, asije akaambiwa hakuona.

Mwaka 2011 wakaibadilisha, kwenye marekebisho ya toleo la 17. Ripoti ikapewa jina jipya, ripoti ya hali ya usimikaji wa umeme, na namba zikawa tatu. C1: hatari ipo, mtu anaweza kuumia, rekebisha sasa hivi. C2: inaweza kuleta hatari, rekebisha haraka. C3: inashauriwa kuboresha. Ile nne ikafutwa. Lile la kuchunguza zaidi likapewa herufi zake pembeni, FI, kwenye marekebisho ya 2015, nje ya ngazi ambako nadhani lilistahili kuwa tangu mwanzo. Ripoti ikiwa na C1, C2 au FI hata moja, usimikaji wote unaandikwa hauridhishi. Ikiwa na C3 peke yake, hata ziwe kumi, unaridhisha.

Oneni walichokifanya hapo. Wamehamisha swali. Zamani lilikuwa "tufanye nini?", sasa ni "hatari iko wapi: ipo tayari, inasubiri kitu kimoja kiharibike, au iko mbali?" C2 ndiyo moyo wa jambo lote. Inamtaka mkaguzi afikirie hatua moja mbele: kikitokea kitu ambacho mtu mwenye akili anaweza kukitarajia, nani atapigwa shoti?

Mfano wa Injinia ndio ulionifungua macho, nauleta kama alivyonieleza. Kabla ya 1966 nyumba nyingi za Uingereza hazikuwa na waya wa ethi kwenye saketi za taa. Ilikuwa halali. Holda za bakelaiti, swichi za plastiki, hakuna chuma cha kugusa, ethi ya nini? Toleo la 14 la 1966 ndilo lililodai ethi hadi kwenye taa. Chukua nyumba ya 1960 yenye nyaya zake zilezile. Taa zote za plastiki: mkaguzi anaandika C3. Halafu mama mwenye nyumba anakwenda dukani, anapenda taa ya shaba inayong'aa, na swichi za chuma za kufanana nayo. Anafungiwa. Nyaya ukutani hazijaguswa, lakini sasa ni C2, kwa sababu waya wa moto ukilegea ndani ya ile shaba, shaba nzima inakuwa na umeme na fyuzi haikatiki, umeme hauna njia ya kurudi. Siku waya ukilegea kweli na ile shaba ikawa na umeme, ni C1. Nyumba moja, nyaya zilezile, madaraja matatu. Na kilichoipandisha kutoka la kwanza hadi la pili ni taa nzuri zaidi.

Lakini kwa nini mguso wa sekunde moja uwe jambo la kufa? Hapo kuna Charles Dalziel, profesa wa Berkeley, California, ambaye miaka ya 1940 alipima watu wa kujitolea: umeme kiasi gani unaubana mkono ushindwe kuachia. Wastani ulikuwa kama miliampia 16 kwa wanaume na 10.5 kwa wanawake. Balbu ya zamani ya wati 60 inavuta zaidi ya 250. Yaani umeme unaowasha balbu moja unatosha kukushika mara kumi na zaidi. Ndiyo maana zile swichi za kukata umeme unaovuja zinawekwa miliampia 30, na kazi yake ni kukata kabla moyo haujavurugika. Maumivu utayasikia tu.

Namba hazikumaliza ubishi. Shirika la usalama wa umeme la huko lilibidi litoe mwongozo, linauita namba 4, wa kueleza kosa gani liwe daraja gani, kwa sababu wakaguzi wawili walikuwa wanaingia nyumba moja na kutoka na majibu mawili. Na tusidanganyane, mara nyingi anayekagua ndiye fundi atakayepewa kazi ya kurekebisha. C3 ikipanda ikawa C2, kuna ankara. C2 ikishuka ikawa C3, kuna mwenye nyumba mwenye furaha. Herufi moja na pesa ziko pande zote mbili.

Tangu 2020 uzito umeongezeka. Kanuni za nyumba za kupanga za England zilianza tarehe 1 Juni mwaka huo: mwenye nyumba binafsi lazima umeme wake ukaguliwe angalau kila miaka 5, na ripoti ikiwa na C1, C2 au FI ana siku 28, au pungufu kama ripoti imesema hivyo. Akikaidi, faini iliyopangwa ilifika hadi pauni 30,000. Kwa hiyo mpangaji ambaye hajui waya wa moto ni upi anaweza kushika karatasi na kusema, hapa pameandikwa C2. Hiyo nguvu ya mpangaji naionea wivu, nasema kweli.

Mtaniuliza yanatuhusu nini. Angalieni soketi zenu. Ile plagi ya pini tatu bapa ni kiwango cha Waingereza cha 1947. Nyaya nyekundu na nyeusi kwenye majengo yetu ya zamani ni rangi zao, wenyewe waliziacha kuanzia 2004. Tulirithi pini, tukarithi rangi.

Nikamuuliza Injinia swichi yetu ni daraja gani. Hakufikiri hata sekunde. Shaba iko wazi, kimo cha mkono, korido ya watu 40 wanaotoka bafuni wamelowa, usiku taa imezima na unapapasa ukuta kutafuta... swichi. C1. Na kwa taratibu za kule mkaguzi akikuta C1 hatakiwi kuandika na kuondoka. Anamweleza mhusika palepale, na akikubaliwa anaiondoa ile hatari kabla hajatoka, hata kama ni kuzima saketi na kufunika tu.

Jana nilimwona tena yule mzee getini. Nikamwamkia, nikamweleza kwa heshima, bila kumtajia London. Nikamwambia tu mzee, mtu akitoka kuoga akaigusa ile? Alinyamaza kidogo. Akatoa faili, akatafuta ukurasa, akakata neno "madogo" kwa kalamu. Hakuandika lingine badala yake. Sasa karatasi inasema: korido, ghorofa ya pili, marekebisho.

Fundi hajafika. Injinia kashusha sakiti breka ya korido, tunatembea na tochi za simu. Kuna mtu wa chumba cha mwisho amelalamika giza na kuipandisha mara mbili, kwa hiyo tumeifunika swichi kwa boksi la biskuti na gundi ya karatasi, na juu yake nimeandika kwa maka peni nyekundu: USIGUSE. Ukija kunitembelea, tembea upande wa kushoto.