Kiama Kidogo cha Istanbul

Septemba 1509, ardhi ilitikisika chini ya Istanbul. Minara ilianguka, kuta za mji zikabomoka, maelfu ya watu wakafa. Waturuki waliupa msiba huo jina ambalo Mswahili hahitaji kutafsiriwa: kıyamet, yaani kiama. Kiama Kidogo.

Mji ulikwishaonja hayo zamani. Kuba la Hagia Sophia, likiwa limedhoofishwa na matetemeko, liliporomoka mwaka 558. Mwaka 1766 ikawa zamu ya kuba la Msikiti wa Fatih.

Chanzo ni ufa wa Anatolia Kaskazini, unaoikata Uturuki kwa zaidi ya kilomita 1,000 na kupita chini ya Bahari ya Marmara, kusini kidogo ya mji. Bamba la Anatolia husogea magharibi takriban sentimita 2 kwa mwaka, lakini kingo za ufa hung'ang'aniana. Mkazo huongezeka miaka na miaka, mpaka mwamba ukatike; ukikatika, mzigo huhamia kipande jirani. Ndivyo matetemeko yalivyouandama ufa kuelekea magharibi: Erzincan 1939, kisha 1942, 1943, 1944, hadi Izmit.

Izmit ilipigwa tarehe 17 Agosti 1999, saa tisa na dakika mbili usiku, watu wakiwa usingizini. Zaidi ya 17,000 walikufa. Avcılar, kitongoji cha magharibi mwa Istanbul, kiko mbali na Izmit, ng'ambo ya pili ya jiji, lakini huko nako maghorofa yalilala chini na kuua mamia. Katika vifusi vya msiba ule, baadhi ya zege lilikutwa na makombe: wajenzi walitumia mchanga wa baharini, ambao chumvi yake hula nondo.

Serikali ilileta bima ya lazima ya nyumba, na mwaka 2012 sheria ya kubomoa majengo dhaifu. Kisha mwaka 2018 ikawaruhusu waliojenga kinyume cha kanuni kuhalalisha majengo yao kwa kulipa ada. Lilikuwa kosa zito. Ada haiongezi hata nondo moja ndani ya nguzo.

Tarehe 23 Aprili 2025, tetemeko la ukubwa wa 6.2 lilizuka chini ya Marmara. Zaidi ya watu 200 waliumia, wengi kwa kuruka kutoka majumbani kwa hofu. Usiku huo familia nyingi zilibeba mablanketi zikalala kwenye bustani za jiji, mbali na kuta.