Jungle Cruise: mto wa bandia kule Marekani na mto Ruiki wa kwetu

Wakaaji wa Ubundu, katika jimbo la Tshopo, wanaujua mto Ruiki. Wenye hawaujui ni wale watalii wanaopanga mstari kila siku kule Anaheim, California, ili kupanda mashua za Jungle Cruise ndani ya bustani ya michezo ya Disneyland. Hata hivyo, zile mashua zina undugu na huo mto.

Mwaka wa 1951, wakati nchi yetu ilikuwa ingali Kongo ya Wabelgiji, John Huston alileta watu wake Ruiki kupiga filme The African Queen, pamoja na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Sehemu ingine ilipigwa Uganda. Hadithi ilitoka katika kitabu cha Mwingereza C. S. Forester cha mwaka wa 1935, kinachohusu vita ya kwanza ya dunia. Hata hapo Kongo imo: katika vita ya kweli, mashua mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, zilipitishwa Katanga mwaka wa 1915, kwa reli, kwa kukokotwa milimani na kwa mto Lualaba, mpaka Kalemie, ili kupigana na Wadachi kwenye ziwa Tanganyika.

Wakati Walt Disney alikuwa anatayarisha bustani yake, mchoraji Harper Goff alichora mashua zinazofanana na ile ya Bogart. Disney alitaka kuweka wanyama wa kweli. Wenye kujua wanyama wakamwambia: mchana watalala ao watajificha, watu watalipa bure. Njo maana wakatengeneza viboko, mamba na tembo wa masini. Bustani ilifunguliwa tarehe 17 Julai 1955, na Jungle Cruise ilikuwemo siku ile ile.

Kwa macho, nahodha ndiye anaendesha. Kumbe mashua inafuata reli iliyo chini ya maji, na maji yametiwa rangi ili reli isionekane. Safari haifiki dakika 10, lakini ndani yake unapita Irrawaddy, Mekong, Nile, Kongo na Amazon! Mtu aliyewahi kupanda balenieri toka Ubundu mpaka Kindu atacheka.

Mwanzoni nahodha alieleza wanyama kwa uzito, sawa mwalimu. Marc Davis ndiye alileta kichekesho: mwaka wa 1962 aliongeza tembo wanaooga, mwaka wa 1964 msafara uliokwea mti ukikimbia kifaru. Manahodha nao wakaongeza utani wao, mpaka leo wengi wanakuja kwa sababu ya huo utani. Kuna maporomoko yenye jina la daktari Albert Schweitzer wa Lambaréné, Gabon. Mashua inapita nyuma yake, na nahodha anatangaza kwa heshima kubwa kwamba sasa mnaona upande wa nyuma wa maji.

Huo utani hauna ubaya. Ubaya ulikuwa kwingine. Katika mto huo wote, Mwafrika alionekana akicheza ngoma na mkuki, akishambulia mashua, ao akibeba mizigo ya mzungu. Kulikuwa pia muuzaji mmoja, Trader Sam, aliyeuza vichwa vya watu. Hakuna mvuvi, hakuna mama wa soko, hakuna hata piroge moja ya kawaida. Watoto wa Marekani waliopita pale tangu 1955, hiyo ndiyo Kongo waliyoona. Na mchezo uliigwa: Florida mwaka wa 1971, Tokyo 1983, Hong Kong 2005.

Mwezi wa Januari 2021 kampuni ya Disney ilitangaza kwamba itaondoa zile picha. California ilifungua tena mwezi wa Julai mwaka huo: Trader Sam hayuko, na juu ya mti kuna wasafiri wa asili mbalimbali. Wako waliolalamika kwamba historia inafutwa. Sisi tunaona ilichelewa tu: miaka zaidi ya 60.

Mashua moja ya Disneyland inaitwa Congo Queen. Na ile ya filme, iliyojengwa Uingereza mwaka wa 1912, iko Key Largo, Florida, inatembeza watalii kwa malipo.