Vespa, Kanzu na Buibui



Kitabu chetu hiki aghlabu hubeba nasaba, harusi, na khabari za waliotangulia mbele ya haki. Mara hii nimependa niandike juu ya vespa. Asicheke mtu. Fungueni albamu zenu na wengi mtaikuta humo: imeegeshwa mbele ya baraza, mtoto amesimamishwa juu ya sakafu yake ameshika usukani, na mwenyewe yuko pembeni na kanzu iliyopigwa pasi. Wajukuu wakiiona picha kama hiyo husema babu alikuwa mtu wa raha. Raha ilikuwamo, sikatai. Lakini kazi ilikuwa nyingi zaidi ya raha, na kazi hiyo ndiyo isiyoonekana katika picha.

Kabla yake zilikuwapo pikipiki za Kiingereza, kama BSA. Ni vyombo madhubuti, wala sizitii ila. Lakini pikipiki ya namna ile humtaka mtu atupe mguu juu ya kiti, alibane tangi kwa magoti, na mnyororo unazunguka karibu na kifundo cha mguu huku unarusha oili. Mwenye suruali hana neno. Mwenye kanzu ilimbidi aikunje mpaka kiunoni kama mvuvi anayeingia majini, kisha akifika aendako, msikitini au ofisini, aikunjue ina makunyanzi na madoa. Ama mwanamke wa buibui, hata kumfikiria juu ya kiti kile ilikuwa muhali.

Vespa ilitoka Italia mwaka 1946. Kampuni ya Piaggio ilikuwa ikiunda ndege katika mji wa Pontedera, na kiwanda chake kilipigwa mabomu katika Vita Vikuu vya Pili. Vita vilipokwisha, Enrico Piaggio alitaka chombo rakhisi cha kuwatembeza watu katika nchi iliyobomoka, na kazi hiyo akampa mhandisi Corradino D'Ascanio. Bwana huyu alikuwa fundi wa ndege, na helikopta yake iliruka tangu mwaka 1930. Pikipiki hakuzipenda hata kidogo. Alichukizwa nazo kwa mambo yale yale yaliyomkera mwenye kanzu: uchafu, mnyororo, taabu ya kupanda, na taabu ya kubadilisha gurudumu. Basi akaiweka injini nyuma, ubavuni mwa gurudumu, ikalizungusha bila mnyororo, akaifunika kwa bati. Mbele akaweka ngao ya kuzuia matope, na chini akaacha sakafu tambarare ili mtu apande kama anayekaa kitini. Gurudumu la mbele akalishika kwa upande mmoja tu, kama gurudumu la ndege, ili litoke upesi likipata pancha. Neno vespa kwa Kiitaliani ni nyigu, kwa mlio wake na kiuno chake chembamba. Ilipofika mwaka 1956 zilikuwa zimekwisha kutoka vespa milioni moja.

Sidhani kama D'Ascanio aliwahi kuona kanzu. Lakini lau angeagizwa na washoni wetu wa kanzu asingefanya vingine. Mtu aliondoka na kanzu nyeupe akafika na kanzu nyeupe. Na nyuma yake mwanamke aliweza kukaa upande, miguu pamoja, buibui limekusanywa mapajani, na gurudumu limefunikwa kiasi cha kutoshika upindo kwa urahisi. Naona hii ndiyo sababu kubwa ya chombo hiki kupendwa katika majumba yetu kuliko pikipiki. Jina lake nalo likameza mengine: hata Lambretta, iliyokuwa ikitengenezwa Milano, kwetu iliitwa vespa.

Ami yetu mmoja, aliyekuwa mwalimu, alinunua Vespa 150 mwaka 1961, rangi ya majivu. Mkewe alikuwa mkunga. Watu waliona vespa ni ya mwalimu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeiendesha, lakini nikiyahisabu masafa yote naona nusu yake, au zaidi, ilikuwa ni ya Bi. Mwalimu alikwenda skuli na kurudi. Mkunga huitwa usiku, na huitwa Bububu, Mtoni, Mwera, mahali ambapo saa nane za usiku hapana gari la abiria. Mlango ukigongwa, Bi alichukua mkoba wake, ami alifungua koki ya petroli chini ya kiti, akapiga kiki mara mbili tatu, na mtaa mzima ukajua kuwa kuna mtu anazaliwa.

Alikaa miguu upande wa kushoto. Injini ya vespa iko kulia, na kiki iko kulia. Na kwa kuwa kwetu vyombo hupita kushoto, miguu yake ilielekea ukingo wa njia, si kwenye magari. Mkono mmoja alishika kiti, wa pili ulishika mkoba. Mpandaji naye ilimpasa ajue kuwa uzito wa injini huivuta vespa kulia kidogo, na kuwa mtu aliyekaa upande huivuta kushoto, basi abiria wa namna ile humsaidia mwendeshaji mzuri na humwangusha mbaya. Gia zilikuwa katika mkono wa kushoto pamoja na klachi: unabana, unazungusha mkono, unaachia polepole. Breki ya nyuma ni ya mguu wa kulia. Magurudumu yalikuwa madogo, ya inchi 8, na shimo ambalo baiskeli hulipita bila khabari, vespa huingia nalo kwenye mazungumzo.

Taa ilikuwa na tabia yake. Umeme ulitoka kwenye sumaku inayozunguka na injini. Injini ikizunguka pole, taa inafifia. Kwa hiyo usiku, mahali penye mashimo ambapo mtu angependa kwenda taratibu, ndipo taa inapokufa macho. Ami alikuwa akishuka gia ya kwanza na kuiacha injini ilie kwa nguvu, mwendo mdogo kelele nyingi, ili apate mwanga wa kutosha. Watu walimlalamikia kelele. Bi aliwajibu kuwa mtoto hangoji alfajiri.

Sasa nije kwenye utunzaji, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo sisi vijana tulipoingizwa kazini. Injini ya vespa ya zama hizo haina oili ya peke yake kwa ajili ya pistoni. Oili huchanganywa na petroli. Vespa za mwanzo zilitaka sehemu 5 kwa 100. Ile ya ami ilitaka 2 kwa 100, yaani galoni moja hutiwa takriban mililita 90. Ikipungua, pistoni hukwama. Ikizidi, moshi hujaa na plagi huvaa masizi. Baada ya kutia, tuliitikisa vespa kushoto na kulia ili ichanganyike, na kazi hiyo ililiwa na watoto kama haluwa. Ikitaka kulazwa muda mrefu, koki hufungwa kwanza injini ikiwa inakwenda, ikanywa petroli yote ya kwenye kabureta mpaka ikazimika yenyewe. Ukiacha, petroli huruka na oili hubakia chini.

Plagi ilitolewa kila wiki, ikasuguliwa kwa msasa. Pointi zilipimwa kwa kuchungulia katika kidirisha cha gurudumu la sumaku, na kipimo chetu kilikuwa kadi ya mwaliko wa harusi, ambayo unene wake ulifaa vizuri. Kila baada ya miezi kadhaa kichwa cha silinda kilifunguliwa, masizi yakakwanguliwa kwa kipande cha mti, si kwa chuma, kwani aluminiamu huchubuka. Bomba la moshi lililoziba lilitupwa kwenye moto wa makumbi mpaka masizi ya ndani yakaungua. Gurudumu lenye pancha halikutaka vyuma vya kubandulia mpira: ringi yenyewe ni vipande viwili vilivyofungwa kwa nati. Lakini upepo utolewe wote kabla ya kugusa nati hizo, ama sivyo ringi hupasukana na kumkata mtu. Hilo ami alilirudia kila mara, hata kwa mtu ambaye ameshalifanya mara mia.

Adui mkubwa hakuwa shimo wala masizi. Alikuwa ni bahari. Vespa haina fremu ya mabomba. Bati lake ndilo mifupa yake, na likiliwa na kutu chombo chote kimekwisha. Ukirudi kutoka Chwaka, maili 20 takriban, chumvi imo mpaka chini ya sakafu. Iliogeshwa maji matamu, ikafutwa, kisha kitambaa chenye oili kidogo kikapitishwa kila pembe. Bi akisema kuwa ami hakuwahi kumuogesha mwanawe kwa uangalifu ule.

Ikaja Januari 1964, na Mapinduzi, na familia zetu zikatawanyika. Wengine walitoka mwaka ule ule, wengine baadaye, kila mtu kwa njia yake. Ami na mkewe hawakutoka. Yeye alisema wanafunzi wake wako pale. Bi hakusema kitu, alikuwa na wazazi wake watatu wa kuzalishwa mwezi ule. Mimi niliishia Uingereza.

Miaka iliyofuata vitu vya kutoka nje viliadimika Unguja, na spea za vespa zikawa miongoni mwa vilivyoadimika. Ninazo barua za ami za miaka ile. Huanza kwa salamu, hufuatia khabari za wagonjwa na maiti, na mwisho huja mchoro. Ami aliweka kitu chenyewe juu ya karatasi ya barua ya ndege, akapitisha penseli pembeni yake: bamba la klachi, seli ya breki, plagi. Chini aliandika maelezo kwa hati ya mwalimu. Kwenye plagi alisisitiza kuwa iwe ya uzi mfupi, kwani ya uzi mrefu huingia ndani na kugongana na pistoni. Katika barua moja ya mwaka 1971 alieleza kuwa plagi ya mwisho imekufa, kwamba Bi anakwenda kwa miguu, na kwamba usiku wa juzi alifika Mtoni mtoto akiwa ameshazaliwa na mama ameshapotea. Hakuongeza neno jingine juu ya hilo. Akachora plagi.

Nilimpelekea plagi sita, mbili mbili, kwa mikono ya wasafiri watatu, ili moja ikipotea njiani nyingine zifike. Zote zilifika. Jamaa wa Omani walifanya hivyo hivyo kwa nyaya za klachi, na nadhani kuna familia humu ambazo kwa miaka mingi mawasiliano yao na nyumbani yalikuwa ni mpira wa breki na mchele.

Hapa Uingereza vespa ilikuwa na sifa nyingine kabisa. Ilikuwa ikiundwa Bristol na kampuni ya Douglas tangu mwaka 1951, na spea hazikuwa taabu. Lakini mwaka ule ule wa 1964 vijana wa Kiingereza wenye skuta walipigana na wenzao wa pikipiki kubwa pwani ya Clacton na Brighton, magazeti yakajaa picha, na skuta ikawa alama ya wahuni. Nilipomwambia jirani yangu kuwa kwetu hiki ni chombo cha mwalimu na mkunga, aliniangalia kama niliyesema kuwa kadhi wetu anacheza ngoma. Kisha tarehe 1 Juni 1973 kofia ngumu ikawa sharti la sheria, na wale wetu waliokuwa wakienda sala ya Ijumaa kwa skuta wakawa na kofia mbili, moja kichwani na ya viua mfukoni. Baridi ndiyo iliyotushinda. Omani ilikuwa kinyume chake: barabara za lami zilienea baada ya mwaka 1970, vyombo hupita kulia, joto ni kali, na watu wakaruka moja kwa moja kwenye magari. Watoto waliokulia kule vespa wameijua kwa picha tu.

Kuanzia mwaka 1984 biashara ya vitu kutoka nje ilifunguliwa Unguja, na spea, nyingi za Kihindi, zikaanza kuonekana tena. Kiwanda cha Bajaj huko India kiliwahi kuunda vespa kwa idhini ya Piaggio mpaka mwaka 1971, kisha kikaendelea na Chetak yake inayofanana nayo; ndicho hicho ambacho jina lake sasa limebandikwa kila gari la matairi matatu. Barua za ami zikawa hazina michoro. Bi aliendelea kubebwa mpaka magoti yalipomkataa. Vespa iko kwa mjukuu wao, sakafu imechomelewa upya mara mbili, na injini yake ya leo ni mchanganyiko wa nchi tatu. Yeye mwenyewe kazini huenda kwa bodaboda.

Nina ombi kwa familia zote kabla ya kitabu kijacho. Picha mlizonazo zenye vespa zitazameni nyuma. Aghlabu limeandikwa jina la mwendeshaji na mwaka. Aliyekaa nyuma hakuandikwa. Wako wazee ambao bado wanawajua. Waulizeni, muwaandike kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, kwani wino hupenya upande wa pili.