Kabla ya kununua betri, ipime rilei kwanza

Magari yenye betri mbili si kitu kigeni tena katika barabara zetu. Yapo magari ya kliniki yanayopeleka chanjo vijijini, ambulensi, pikapu za samaki zenye friji, na yale magari ya kulala ndani ambayo watalii huyaendesha kutoka Malindi, wakapita Minjila na Garsen, kisha wakayaacha Mokowe ili wavuke hadi Lamu. Mimi ni fundi waya hapa Garsen. Nikiletewa gari la aina hii, mara nyingi naambiwa neno moja: "Fundi, betri ya pili imekufa, nitafutie mpya." Nikiipima naikuta betri haina neno. Kilichokufa ni kile kidude kilicho kati ya betri mbili, yaani rilei ya kutenganisha betri.

Betri mpya ni pesa nyingi, na rilei ni sehemu ndogo tu ya pesa hizo. Tena ukibadilisha betri na kuiacha rilei mbovu, betri mpya nayo itaishia palepale. Ndiyo maana naandika haya kwa wenye magari, madereva na mafundi wenzangu.

Kazi yake

Betri ya kwanza ni ya kuwasha injini. Ya pili ni ya friji, taa za ndani, feni na kuchajia simu. Injini ikiwaka na oltaneta ikianza kuchaji, rilei huziunganisha betri mbili ili zote zipate moto. Injini ikizimwa, rilei huziachanisha. Hapo friji itakula betri ya pili peke yake, na betri ya stata itabaki nzima ya kukuondoa ulipo.

Rilei huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza, inakataa kuunganisha, na betri ya pili haichajiwi hata ukiendesha kutoka Hola hadi Malindi. Ya pili ni mbaya zaidi: vyuma vya ndani vinaungua na kushikana, hivyo betri haziachani kamwe. Mwenye gari aliyeliacha Mokowe siku nne huku friji ikifanya kazi atarudi akute betri zote mbili chini, na gari haliwaki.

Kwa gari la chanjo hasara yake haihesabiwi kwa shilingi. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Friji ikizimika katika joto letu la mchana, chanjo hupoteza nguvu, na kwa macho huwezi kujua. Mtoto atachomwa sindano, na huenda kinga asiipate.

Kinachoiua huku kwetu

Vumbi la barabara za vijijini huingia ndani ya rilei zisizozibwa. Upande wa Kipini, hewa ya chumvi hula vichwa vya waya. Kisha kuna maji. Mafuriko ya El Niño ya mwishoni mwa 2023 yalikata barabara ya Garsen kwenda Lamu, na gari likipita kwenye maji, rilei iliyofungwa chini karibu na fremu hulowa yote. Huenda isife siku ile. Kutu huifanyia kazi polepole.

Namna ya kuipima

Chukua mita ya kupimia volti. Namba hizi ni za gari la volti 12. Kwa lori la volti 24 zizidishe mara mbili.

1. Injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa na hakuna kinachotumia moto, pima kila betri. Betri iliyojaa husoma kama 12.6. Ikisoma 12.2, imebaki kama nusu.

2. Washa injini. Betri ya kwanza ipande hadi kati ya 13.8 na 14.4. Sasa pima ya pili. Ikiwa ya kwanza inasoma 14.2 na ya pili imekaa 12.3, moto hauvuki.

3. Pima zile nyaya mbili ndogo za rilei, zinazolisha koili. Kama hakuna volti 12, usiilaumu rilei: tafuta fyuzi iliyokatika, waya uliolegea au waya wa bodi wenye kutu. Kama volti zipo na husikii "tak", koili imekufa.

4. Kama imelia "tak", weka ncha moja ya mita kwenye nati kubwa ya upande mmoja na nyingine upande wa pili, injini ikichaji. Tofauti ikizidi volti 0.3, vyuma vya ndani vimeungua.

5. Zima injini na swichi, ngoja dakika chache, washa friji na uangalie betri ya stata. Kama volti zake zinashuka pamoja na za betri ya pili, rilei imeshikana.

Rilei ipi ununue

Hapa ndipo wengi wanapopotezwa dukani. Solenoidi ya stata na rilei hii hufanana kwa umbo, lakini ya stata imeundwa kufanya kazi kwa sekunde chache tu. Ukiiacha imewaka safari nzima itapata moto mpaka koili iungue. Ulizia ya kufanya kazi mfululizo. Rilei ndogo za honi na taa, za ampea 30 au 40, nazo hazifai.

Angalia pia nguvu ya oltaneta. Kama ni ya ampea 80, chukua rilei ya ampea 100 au zaidi. Koili iwe ya volti za gari lako, 12 au 24. Zipo pia rilei zinazojipima zenyewe: nyingi huunganisha volti zikifika kama 13.3 na huachanisha zikishuka hadi kama 12.8. Kwa betri ya lithiamu rilei ya kawaida haitoshi. Inahitaji chaja yake maalumu ya kati.

Kuibadilisha

Kama gari lina sola juu, tenganisha kwanza paneli na kontrola yake. Kisha fungua waya hasi wa betri zote mbili. Nasisitiza zote mbili, kwa sababu rilei ina moto pande zake zote; ukifungua betri moja tu, spana ikigusa bodi italipuka cheche na inaweza kukuunguza.

Piga picha ya nyaya kwa simu kabla ya kuzigusa. Fungua rilei ya zamani, kwangua vichwa vya waya mpaka shaba ing'ae, na kichwa kilicholika ukikate uweke kipya. Ifunge rilei mpya juu, mbali na maji na joto la eksozi. Weka fyuzi mbili kwenye waya mnene wa chanya, moja karibu na kila betri, kwa kuwa waya ule una moto kutoka pande zote. Kaza nati sawasawa, paka grisi dhidi ya chumvi, rudisha waya hasi mwishoni, na paneli baada ya betri. Halafu rudia vipimo vyote vitano.

Wapo wanaoitoa rilei na kuunga nyaya moja kwa moja "ili gari lifike tu". Huko ni kutengeneza ugonjwa uleule wa rilei iliyoshikana, na fundi anayejiheshimu hakubali. Kama huna rilei mpya, ni afadhali kuziacha betri zimetengana na kupunguza matumizi ya friji mpaka spea ifike.

Kwa magari ya kliniki, ningependa kipimo hiki kifanywe kila mwezi na kiandikwe kwenye daftari la gari, kama inavyoandikwa oili. Ni kazi ya dakika kumi kwa dereva mwenye mita. Betri ikija kulaumiwa, daftari litasema kama kosa ni lake kweli.