Mutwanga hadi Kinshasa: anga imefupika, barabara bado

Tarehe 12 Februari 1925, rubani Edmond Thieffry aliondoka Brussels na wenzake wawili kwa ndege ya injini tatu aina ya Handley Page. Alitua Léopoldville, Kinshasa ya leo, tarehe 3 Aprili. Safari ilikula siku 51, ingawa saa za angani hazikufika 76. Siku nyingi zilipotea ardhini, kwa matengenezo na kungoja hali ya hewa.

Kongo ilikuwa imeanza mapema kuzoea ndege. Mwaka 1920 shirika la ndege la LARA lilianza kurusha ndege za majini kufuata mto kutoka Kinshasa, na mwaka uliofuata zikafika Stanleyville, sasa Kisangani. Mto ulikuwa dira na uwanja wa kutua. Shirika hilo lilifungwa mwaka 1922. Huku kwetu Mutwanga, chini ya milima ya Rwenzori, hapakuwa na mto wa namna hiyo. Mizigo iliendelea kubebwa kichwani.

Mwaka 1935 shirika la ndege la Ubelgiji, Sabena, lilianzisha safari za kawaida kati ya Ubelgiji na Kongo, zikichukua siku tano na nusu. Leo ndege ya moja kwa moja hutumia saa 8 hivi.

Kutoka Beni hadi Kinshasa, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita zipatazo 1,650. Ndege ya jeti inaweza kuzimaliza kwa saa mbili na kitu, ikiwa haikutua njiani. Msafiri asisahau pia kwamba saa ya Beni iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Ukiruka kutoka Mavivi, uwanja wa ndege wa Beni, saa 4 asubuhi na kukaa angani saa mbili na nusu, utashuka Kinshasa saa 5 na nusu. Kurudi ni kinyume: ukiondoka saa 4 utafika saa 7 na nusu mchana.

Hesabu hiyo, hata hivyo, huanzia Mavivi. Mtu wa Mutwanga hana budi kufika Beni kwanza, kwa barabara iliyoshuhudia mashambulizi ya waasi wa ADF. Kilomita hizo chache huamua kama atawahi ndege au ataahirisha safari, na hakuna tiketi inayozitaja. Goma nayo haisaidii: uwanja wake ulifungwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji. Wengine huvuka mpaka wa Kasindi na kwenda kupanda ndege Entebbe, Uganda.

Karne moja imeondoa wiki nzima nzima angani. Kilichobaki ni kazi ya ardhini, nayo haihitaji rubani shujaa. Inahitaji barabara salama ya kufika uwanjani, na hilo ni jukumu la serikali.